Mijohoro ya Bwana Misitu

Ulipomwuliza Bwana Misitu habari za harusi aliyotoka, hakukuambia bibi harusi kavaa nini wala kama pilau lilitosha. Alikuambia nani katawala. "Mashangazi wa bwana harusi," alisema, "na chini yao wanakamati, wamedumaa kwa kukosa mwanga." Basi, harusi imeishia hapo. Ukitaka habari za nyama, katafute mtu mwingine.

Nilimpigia chapa ripoti zake miaka na miaka katika ofisi yetu ya maliasili pale Nyamagana, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Mkuu wa ofisi alimwita Bwana Misitu, mkewe alimwita Bwana Misitu, na wachoma mkaa aliowakamata walimwita hivyohivyo huku wakimlaani. Mimi nilimwita mzee. Yeye aliniita binti, na hakuacha hata nilipoanza kuvaa miwani ya kusomea.

Kazi yake ilikuwa kuingia porini na kutoka na jina la pori. Wengi hudhani msitu ni msitu tu, miti mingi na nyani. Weee, usiseme hivyo mbele yake. Msitu, kwake, uliitwa kwa mti uliotawala, na mti uliotawala si ule mrefu kuliko yote, si ule wenye mbao za bei, wala si ule ambao wazee wanauwekea pombe ya mtama chini. Ni ule wenye majani mengi zaidi juu ya kichwa chako. Ili kuujua alikuwa na kamba ndefu yenye mafundo. Aliinyoosha moja kwa moja, ikipita kwenye miiba ipite, ikipita kwenye siafu ipite, kisha akaifuata, na kwenye kila fundo alisimama, akatazama juu na kutaja kilichokuwa juu yake. Kama hapakuwa na tawi, alitaja anga.

Mimi niliyapata hayo mezani: "Mtundu, mtundu, anga, mninga, mtundu, anga." Kurasa kwa kurasa, na nakala za kaboni juu yake. Nadhani nilipiga chapa miti mingi kuliko iliyobaki mkoani, na kwa sura sikuujua hata mmoja, isipokuwa mjohoro. Huo niliujua vizuri mno, kwa sababu ulisimama nje ya dirisha langu na kila msimu ulimwaga maua yake ya njano kwenye mashine yangu. Nilikuwa nayatoa kati ya herufi kwa pini ya nywele.

Sasa mtu mwenye kipimo kama kile huwezi kumfungia porini. Alikuja nacho mjini. Tulikaa mtaa mmoja, Mabatini, na Jumapili tukitoka kanisani tulitembea pamoja, yeye, mkewe, mimi na mume wangu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza kitu, na asiyeuza anatafuta cha kuuza. Bwana Misitu alisimama katikati ya njia, akatazama huku na huku. "Mtaa huu ulikuwa wa mafundi cherehani," akasema. "Sasa imetawala mitumba. Mafundi wamebaki chini wanapunguza suruali za kafa Ulaya." Ukweli ni kwamba suruali aliyoivaa siku hiyo ilikuwa ya kafa Ulaya pia, na ilikuwa imepunguzwa vibaya.

Ziwa nalo hakuliacha. Zamani lilikuwa la furu, alisema, samaki wadogo wa kila rangi. Sasa ni la sangara, na juu ya sangara wamekuja wenye viwanda, na chini kabisa tupo sisi wa mapanki. Mapanki, kwa asiyejua, ni mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishasafirishwa. Tuliikaanga na kulamba vidole, sitaki kuonekana nililia. Magugu maji yalipoanza kufunika ghuba, yeye alifurahi kwa namna fulani ya ajabu. Alitembea hadi ufukweni kuyatazama. "Hapa hata kamba haihitajiki," akasema.

Vyama vingi vilipokuja, tuligombana ofisini hadi chai ikapoa. Mlinzi chama hiki, dereva chama kile. Bwana Misitu aliulizwa maoni yake akajibu kwamba yeye haoni msitu mpya, anaona machipukizi ya kisiki kimoja. Mkuu wa ofisi akakohoa. Mkuu alikuwa kijana kuliko sisi, mwenye tai na haraka, na alikohoa kila aliposikia kitu ambacho hakutaka aulizwe baadaye kama alikisikia.

Kubwa kuliko yote ni la mume wangu. Tulimwalika Bwana Misitu chakula cha ubatizo wa mtoto. Akala, akashiba, akanawa mikono, akakitazama chumba kama anavyotazama juu kwenye fundo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Nyumba hii ni ya binti. Bwana ni kichaka cha chini, lakini kina afya." Jamani! Mume wangu hakumsalimia kwa muda mrefu sana. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, kama mke anavyopaswa, ila nikiwa jikoni peke yangu nilicheka hadi nikashika mbavu.

Usidhani basi alikuwa mtu wa miti kama mnavyowafikiria watu wa miti. Uani kwake hapakuwa na mti hata wa dawa. Udongo mtupu, umefagiwa, umenyunyiziwa maji. Nilipomwuliza alisema mti mmoja hauna jina, ni mti tu, na unaangusha majani. Aliogopa nyoka kiasi kwamba alivaa mabuti ya mpira hata ofisini, hata siku ya malipo, hata kwenye msiba wa baba yangu. Mkewe alipikia mkaa kama sisi wote. Bwana Misitu alipotaniwa, alisema mkaa ule ulikuwa na kibali, akijua fika kwamba kibali cha muuzaji alikitia saini yeye. Na alikuwa mkali kwa wakata miti kupita maelezo. Alimnyang'anya mama mmoja mjane mzigo wa kuni kwa kukosa kibali, kisha jioni akampelekea kuni nyingine alizonunua sokoni. Mjane akazipokea, na akaendelea kumchukia.

Palikuwa na mahali pamoja tu alipopasema kwa sauti nyingine. Ng'ambo ya ghuba, ukishavuka kwa feri hadi Kamanga na kutembea kufuata ufuko, kulikuwa na msitu mdogo ukweni kwake. Ulikuwa na chemchemi, na kijiji kizima kilichota hapo, maana maji ya ziwa pale yana matope na kichocho. Mikuyu ndiyo iliyoizunguka chemchemi ile tangu zamani. Wakati Bwana Misitu anaoa, alikuwa ndiyo kwanza katoka chuoni, na ilikuwa enzi za kampeni za kupanda miti. Akaona mikuyu ina nafasi kati yake. Akaona pia kwamba mkwe mpya anatakiwa aonyeshe kitu. Basi akaleta miche ya mijohoro, mti wa haraka, mti wa serikali, akazijaza nafasi zote. Zawadi kwa wakwe.

Mama mkwe wake hakuifurahia. Kwa desturi ya pale, mkwe hasimami uso kwa uso na mama wa mkewe. Wakiwa na la kuzungumza, mti unakuwa katikati. Basi walizungumza hivyo, yeye upande huu wa mkuyu, bibi upande ule. Alinisimulia mwenyewe.

"Mukwe," bibi alisema, "miti yako inakunywa maji yetu."

"Mayu, mti haunywi maji, unayatunza."

"Huu unakunywa."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma, na ukimwita mtu hivyo huwezi tena kumfokea. Lakini nilijua Bwana Misitu hakukubali, kwa sababu kila alipoisimulia habari hiyo aliongeza kwamba suala la maji linahitaji utafiti.

Kisha akaja mwekezaji. Miaka ile neno hilo lilikuwa jipya na tulilitamka kama la kanisani. Alitaka eneo la ufukweni ng'ambo ajenge ghala la barafu la samaki, na kati ya maeneo yote aliyoonyeshwa alipenda lile lenye chemchemi. Kwa utaratibu wa ofisi yetu, msitu wa asili haukuguswa. Miti ya kupandwa ilikuwa habari nyingine: iliuzwa pamoja na kiwanja, ikakatwa, ikaisha. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, pale panaitwaje? Mkuu alimtuma Bwana Misitu na kamba yake. Kijiji kilishangilia kusikia ni mkwe anayekuja kupima. Walimchinjia jogoo.

Siku ya pili yake akaniletea karatasi. Nikaweka kaboni, nikaanza. "Mjohoro, mjohoro, mkuyu, mjohoro, mjohoro, mjohoro, anga, mkuyu, mjohoro." Vidole vikasimama vyenyewe. Nikageuza ukurasa wa mwisho: "Shamba la mijohoro lenye mabaki ya mikuyu."

"Mzee," nikasema, "hii ni ripoti ya ukweni kwako?"

"Ndiyo."

"Na chemchemi je?"

"Chemchemi si mti."

Nikasimama nikafunga mlango. Sijawahi kumpandishia sauti kabla ya siku ile, lakini siku ile nilimpandishia. "Hebu tuandike mikuyu! Nani atajua? Mkuu hajawahi kuingia porini, anaogopa kuchafua viatu. Mimi ndiye ninayepiga chapa, na mdomo wangu umefungwa. Andika mikuyu, watu wanywe maji, yaishe!"

Alikuwa amekaa, mabuti yake yamejaa udongo mwekundu wa ng'ambo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika. "Nikiandika mikuyu leo wakati ni mijohoro," akasema, "kesho mwingine ataandika mijohoro wakati ni mikuyu. Na wewe utampigia chapa vilevile." Kisha akasema, taratibu, "Nimeipanda mwenyewe, binti. Kila mmoja nimeushika kwa mkono huu."

Niliipiga ripoti ile nikiwa na hasira hata nikatoboa karatasi kwenye nukta. Mkuu akaisoma akatabasamu. Kamati ya mkoa ingekuja kuhakiki baada ya wiki chache, kisha ingetia saini. Kijiji kilipopata habari, mke wa Bwana Misitu aliletewa salamu kwamba mumewe asikanyage tena. Mama mkwe hakutuma salamu yoyote. Alichota maji kama kawaida.

Hapo Bwana Misitu akaomba likizo. Hajawahi kuomba likizo maishani mwake. Hata Mkuu alidhani ni utani. Akavuka na shoka.

Yaliyotokea huko niliyasikia kwanza kwa walinzi wetu wa misitu, waliorudi ofisini wakiwa hawajui wacheke au waseme shikamoo. Walipata taarifa ya mtu anayekata miti bila kibali karibu na Kamanga. Wakavuka, wakafuata sauti ya shoka, wakamkuta bosi wao kavua shati, kabaki na mabuti, anaangusha mijohoro. Mmoja akamwuliza, kwa heshima zote, "Mzee, una kibali?" Akajibu kwamba anayetoa vibali ni yeye, na mtu hajipi kibali mwenyewe. Akanyoosha mikono wamkamate. Wakamwomba avae shati kwanza.

Hasira za Mkuu zilikuwa za kuonwa, si za kusimuliwa. Lakini kamati ilikuja kwa tarehe yake, ikanyoosha kamba ya mafundo, na matokeo yaliletwa kwangu niyapige: "Anga, mkuyu, anga, anga, mkuyu, mjohoro, mkuyu, anga, mkuyu." Mkuu akalalamika kwamba pale pamejaa visiki vibichi, hata mtoto anaona kilichofanyika. Kiongozi wa kamati, mzee aliyesoma chuo kilekile na Bwana Misitu, akamjibu kwamba kamba haisomi visiki, inasoma juu. Wakaandika: "Msitu wa asili wa mikuyu, uliovurugwa." Wakaongeza kwamba utapimwa upya miaka ya mbele, na kama mijohoro itakuwa imetawala tena, eneo litatolewa. Mwekezaji hakusubiri. Alijenga ghala lake kwingine ufukweni.

Kesi ya Bwana Misitu nilikwenda kuisikiliza. Mwanamume mzima niliyemjua kwa kukataa kubadili neno moja kwenye ripoti alisimama kizimbani, mgongo umepinda kwa maumivu, hakimu akamwuliza kama alikata miti yote ile peke yake.

"Peke yangu, Mheshimiwa."

"Yote?"

"Yote."

Nyuma yangu benchi zima lilikuwa limejaa vijana wa ukweni kwake, mikono imejaa malengelenge, wanatazama sakafu. Hata hakimu aliona. Kuhusu mti, mzee yule hakuweza kudanganya. Kuhusu watu alidanganya bila kupepesa macho. Nilimpenda sana siku ile, na nikatamani mume wangu angekuwepo amwone.

Alilipishwa faini, akaachishwa kazi. Barua nilipiga mimi, na nilichagua karatasi nzuri, kama vile ingesaidia. Muda si mrefu wimbi la kupunguza wafanyakazi likanifikia na mimi. Nikafungua kibanda cha kuchapa na fotokopi Mabatini, chini ya mitumba, mwanga nikipata wa kubahatisha. Ungemwuliza angekuambia.

Yeye alihamia ukweni moja kwa moja. Mkewe akawa anakuja mjini kuuza dagaa, na kwake ndiko nilikopata habari. Siku moja akaniambia mama yake amefariki, na kwamba tangu msiba Bwana Misitu hasemi. Anaingia msituni asubuhi, anatoka jioni. "Nenda wewe, mama," akaniambia. "Wewe na yeye mlisikilizana."

Nikafunga kibanda, nikavuka. Feri ilihangaika na magugu maji hadi abiria wakaanza kutoa ushauri kwa nahodha. Nikatembea kufuata ufuko na viatu vyangu vya mjini mkononi. Msitu ule niliokuwa nimeuandika mara mbili kwa majina mawili nikauona kwa macho kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mdogo. Sijui kwa nini nilitegemea uwe mkubwa.

Nikamkuta ndani, kavaa mabuti, panga mkononi, kamba yake ya mafundo imenyooshwa chini. Nilijua mara moja anachofanya, maana kila kisiki cha mjohoro kilikuwa kimechipua vishada vya fimbo. Mjohoro haufi kwa kukatwa. Kila mwaka ilimbidi apite, akate machipukizi, la sivyo siku wakija kupima wangekuta yametawala.

"Shikamoo mzee."

Akageuka, lakini si sawasawa upande wangu. "Marahaba. Ni binti?"

"Ni mimi."

"Nimekujua kwa kuhema. Umenenepa."

Nikacheka, na huku nacheka nikatazama panga lake. Lilikuwa linachuruzika utomvu mweupe, na buti la kulia lilikuwa na madoa yake meupe. Nikatazama chini. Mche alioukata ulikuwa na majani mapana, mazito. Nikageuka nyuma kufuata njia ya kamba nikaona mingine, mikuyu midogo, imelala kila fundo, inatoa maziwa.

Mimi si mtaalamu wa chochote. Lakini mjohoro nimeutoa kwenye mashine kwa pini ya nywele miaka yote ile, na mjohoro hauna maziwa.

"Mzee," nikasema, "hebu shika panga lako."

Alipitisha kidole kwenye bapa, akakisugua kwa kidole gumba, kikanata. Aliketi juu ya kisiki kama mtu aliyesukumwa.

"Tangu lini huoni?" nikamwuliza.

"Siku nyingi. Mayu alikuwa ananitajia. Yeye upande ule wa mti, mimi huku. Anasema huu, nakata. Anasema acha, naacha. Tangu masika sina mtu." Akafuta kidole kwenye suruali, akafuta tena. "Nimekata ngapi?"

"Michache," nikasema. Nilimwiga alivyosema mahakamani, bila kupepesa.

Akanielewa, nadhani, maana alitikisa kichwa. Chemchemi ilisikika. Kisha akasimama akatafuta kamba kwa mguu, akaifuata hadi kwenye fundo, akainua panga, akangoja. Miaka yote yeye ndiye aliyetaja na mimi nikaandika. Nilivaa viatu vyangu, nikapita mbele yake, nikainama kwenye machipukizi ya kwanza.

"Mjohoro," nikasema.

Akakata. Tukasogea fundo la pili, nikapekua majani kwa mikono yote miwili, na kwa kuogopa kukosea nikachuma moja nikalivunja nione.

"Mkuyu," nikasema.

Akateremsha panga, akasubiri nisogee mbele.